Mtaani naitwa kwa jina la marehemu mwanangu, kwa mfinyanzi naitwa kwa jina langu

BARUA

Mshauri, shikamoo.

Naomba jina langu lisichapishwe, wala jina la kijiji chetu. Unaweza kusema tu kwamba naishi kando ya Jiji la Dodoma, upande wa kuelekea Bahi, mahali ambapo usiku unaona taa za mjini lakini maji bado tunayachota kwa ndoo.

Nina miaka 36. Niliolewa hapa nikitokea Kondoa, nikajaliwa watoto wawili, wa kwanza wa kiume na wa pili wa kike. Mwanangu wa kiume alifariki Januari mwaka jana akiwa na miaka 11, siku chache baada ya kuanza darasa la tano. Nilimtuma mashineni kusaga mahindi. Njia ya kwenda huko inakatiza korongo, na alipokwenda lilikuwa kavu kabisa, mchanga mtupu, hata mbuzi walikuwa wamelala humo. Kwetu siku ile halikudondoka tone. Aliporudi na ndoo ya unga kichwani, maji yalikuwa yameteremka kutoka milimani. Wenzake wawili walivuka mbele yake. Yeye hakufika ng'ambo. Tulimpata kesho yake, mbali sana. Ndoo ilipatikana siku ya tatu, mfuniko wake ukiwa bado umefungwa. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Desturi yetu unaijua, kwamba mwanamke akishazaa jina lake la kuzaliwa halina tena anayelikumbuka. Mimi nimeitwa Mama Fulani kwa miaka yote hiyo, na huyo Fulani ndiye aliyeondoka. Dukani, kisimani, kanisani, kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kila anayenisalimu anamtaja. Baada ya msiba baadhi ya majirani walinionea huruma wakaanza kuniita kwa jina la binti yangu, na hilo liliniuma kuliko lile la kwanza, kwa sababu niliona kama wanamzika mara ya pili. Kwa hiyo sitaki kuitwa kwa jina lake, na wala sitaki liache kuitwa. Najua ni maneno yasiyoeleweka.

Mwezi wa sita mwaka jana nilitoka nyumbani asubuhi bila kujua ninakokwenda, nikatembea mpaka kitongoji kingine, nikamkuta mama mmoja wa Kigogo ameketi chini ya mbuyu akisugua chungu kwa jiwe laini. Umri wake unalingana na wa mama yangu mzazi. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda, hakuniuliza nimefuata nini. Baada ya muda akanipa bonge la udongo nilikande. Aliponiuliza naitwa nani, mdomo wangu ukatoa jina la usichana, jina ambalo hata mume wangu halitumii. Tangu siku ile kwake naitwa kwa jina hilo, na hajawahi kuniuliza hata mara moja kama nina watoto. Pengine ndiyo sababu nampenda.

Amenifundisha kuponda vigae vya vyungu vilivyovunjika na kuchanganya unga wake na udongo, kuviringisha udongo kama kamba na kuuzungusha ukipanda, kulainisha kwa gunzi la hindi, kuanika kivulini na si juani. Tulipochoma mara ya kwanza, vyungu vyangu vitatu vilipasuka motoni kimoja baada ya kingine kama bisi, naye akacheka mpaka akashika mbavu, nami nikajikuta nacheka. Nilikuwa sijacheka tangu mazishi. Sasa naenda kila Jumatano na Jumamosi. Vyungu vyangu havipasuki tena, na viwili vitatu vimeuzwa mjini kwa watu wanaotaka vya kupandia maua. Dada yangu ananishauri niifanye biashara kamili, lakini si fedha inayonipeleka kule.

Mume wangu ni fundi mwashi, siku za kazi hulala Mtumba kwenye ujenzi na kurudi mwisho wa wiki. Siku ile ya korongo hakuwepo. Kila Jumapili baada ya ibada huenda kaburini peke yake. Mimi sijawahi kwenda tangu tulipoweka msalaba. Jumamosi moja mwezi uliopita alinifuata kwa mfinyanzi, akanisikia nikicheka kabla hajafika, akasimama nyuma ya ua, akageuka akarudi. Usiku akaniambia maneno mawili tu: "Kumbe unaweza." Hajaongeza jingine mpaka leo.

Juu ya hayo, mama mfinyanzi magoti yake yamechoka. Mjukuu aliyekuwa akimletea udongo amepata kazi Singida. Ameniomba twende wote tukachimbe udongo wa kutosha kabla ya mvua, na mahali anapochimba ni kwenye kingo za korongo lile lile. Nimeshasingizia mgongo mara mbili. Mara ya tatu ataona kwamba simtaki.

Mama mmoja wa kanisani aliyehudhuria semina aliniambia kwamba aliyefiwa hupita hatua tano, na kwamba mimi kwa kufinyanga nimejificha katika ile ya kwanza, ya kukataa. Huenda ni kweli. Je, nimwambie mfinyanzi kwamba nimemdanganya muda wote huu? Je, niache kwenda, ili mume wangu asione kwamba furaha yangu nawapa watu baki? Na je, ni haki mama aliyemtuma mwanawe kwenye maji acheke?

Mwenye majina mawili,
Dodoma

JIBU

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu kabla ya kushika kalamu, na mara zote nimekwama kwenye ndoo iliyorudi na mfuniko wake. Pole sana. Najua umeambiwa neno hilo mpaka limechakaa, na kwamba sehemu ya raha ya kivuli cha mbuyu ule ni kuwa hakuna anayelitamka, lakini sina lingine la kuanzia.

Kama nimekuelewa, umepata mahali pamoja ambapo mikono yako ina kazi na mdomo wako umekumbuka kucheka, na mahali hapo pamejengwa juu ya jambo ambalo hukulisema. Sasa jambo hilo linadaiwa kutoka pande mbili kwa wakati mmoja: mfinyanzi anakuita kwenye korongo bila kujua anakuita wapi, au ndivyo unavyodhani, na mume wako anakuita nyumbani kwa maneno mawili ambayo hujayajibu. Katikati yake umeweka swali la tatu, la haki ya kucheka, nami nadhani hilo ndilo linaloyatia uzito yale mawili.

Niruhusu nianze na neno "nimemdanganya". Sina hakika kama linastahili. Jina ulilomtajia ni lako. Ulipewa na wazazi wako Kondoa kabla hujamjua mume wala hujabeba mimba. Mwanamke aliyeulizwa jina lake akataja jina lake hajasema uongo. Nilivyosoma mimi, mwenye jina lile la usichana hajawahi kufiwa na mtoto, na kwa saa chache kila Jumatano na Jumamosi unapumzika ndani yake kama mtu anayetua mzigo penye kivuli. Upande wa pili wa jambo hilo, ambao nakuomba uutazame polepole, ni kwamba mwanamke huyo pia hajawahi kuzaa. Chini ya ule mbuyu mwanao hakufa, lakini pia hakuwahi kucheza, kusoma wala kutumwa dukani. Labda ndiyo maana pumziko lenyewe limeanza kukuelemea.

Tena, una hakika gani kwamba mama huyo hajui? Umeandika kama jambo dogo kwamba kwa zaidi ya mwaka hajakuuliza kama una watoto. Dada yangu, wewe na mimi tunajua salamu zetu zilivyo. Mzee wa Tanzania ya kati akikutana na mwanamke wa umri wako atauliza habari za nyumbani, za mifugo, za shamba, na kabla hamjafika mbali atauliza, "Watoto hawajambo?" Anayeruka swali hilo wiki baada ya wiki si rahisi awe amelisahau. Na habari ya mtoto aliyechukuliwa na maji haiishii kitongoji kimoja. Siku ile lazima watu wa pande zote za korongo walishuka kutafuta. Siwezi kukuhakikishia kwamba anajua. Inawezekana ana sababu zake za kutouliza, hata za watoto wake mwenyewe, maana umenieleza mengi kuhusu mikono yake na machache mno kuhusu maisha yake. Inawezekana pia alijua tangu wiki ya kwanza, akaona umechagua jina, akaliheshimu. Kama ni hivyo, kimya unachokiita udanganyifu wako ni kimya mlichokilinda wawili.

Kuhusu hatua tano, mwenzako wa kanisani alikuwa na nia njema, lakini habari hiyo husimuliwa vibaya mara nyingi. Hatua zile zilitokana na mazungumzo ya daktari Elisabeth Kübler-Ross na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe, aliyoyachapisha mwaka 1969. Hazikuwekwa kama ngazi ambayo kila aliyefiwa lazima aipande kwa mpangilio. Mwaka 1999 watafiti wawili walioko Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza majonzi kwa namna ambayo naona inafanana zaidi na wiki yako: mfiwa huelekea kwenye msiba, akaulilia, kisha huugeuzia mgongo, akashika kazi, akajifunza jambo jipya, hata akacheka, kisha hurudi tena. Kwa maelezo yao kugeuza mgongo kwa muda hakuhesabiwi kuwa kosa. Ni sehemu ya kuomboleza. Wasiwasi huja mtu anapobaki upande mmoja tu. Kwa hiyo badala ya kujiuliza kama udongo ni maficho, jiulize kama ipo siku katika wiki unayorudi upande ule mwingine. Barua yako haisemi. Labda ipo, usiku, peke yako.

Sasa lile la kumtuma. Sitakwambia "usijilaumu", kwa sababu waliokwambia hivyo ni wengi na hawajakusaidia. Nitakukumbusha tu ulichokiandika mwenyewe: korongo lilikuwa kavu, mbuzi wamelala mchangani, kwenu halikudondoka tone. Makorongo ya Dodoma ndivyo yalivyo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Machi au Aprili, na kwa mwaka wa kawaida haizidi sana milimita 600, lakini ikinyesha huja kwa kishindo juu ya ardhi ngumu isiyoinywa upesi, na maji ya mvua iliyonyesha milimani hushuka kwa watu ambao hawakuona hata tone. Watu wazima wamechukuliwa hivyo, madereva wenye magari wamechukuliwa hivyo. Ulimtuma mtoto kwenye njia kavu. Maji yalikuja baadaye, nawe unaihukumu asubuhi ile kwa kujua yaliyotokea jioni. Nimewasikiliza wazazi wengi waliofiwa, na nimeona kwamba lawama hii huwa ngumu kuitua kwa sababu inabeba kitu kingine ndani yake: kama kosa lilikuwa langu, basi jambo hili lingeweza kuzuiliwa. Kukubali kwamba halikuwa la mtu kunatisha zaidi. Sikuharakishi kufika huko.

Hapo namfikiria mume wako, ambaye barua yako inampitia haraka. Naye ana asubuhi yake ya kuihukumu: alikuwa Mtumba akipanga matofali ya majengo ya watu wengine. Kila Jumapili anakwenda kaburini peke yake, na kila Jumamosi wewe uko kwa mfinyanzi, yaani katika siku chache anazokuwa nyumbani kila mmoja wenu ana mahali pake pa kumpelekea mtoto, na hapana hata pamoja mnapokwenda wote. Umeyasikia maneno "Kumbe unaweza" kama shutuma. Huenda ni shutuma. Lakini yaseme tena kwa sauti ya mtu ambaye kwa mwaka mzima na nusu amedhani kicheko cha mke wake kilizikwa pamoja na mtoto, na siku moja, nyuma ya ua, akakisikia. Mtu huyo anaweza kuwa na wivu, anaweza kuwa na nafuu, na mara nyingi vyote viwili hukaa katika kifua kimoja. Kumbuka pia kwamba hakuingia akakuvuta mkono; aligeuka akakuacha ucheke. Mimi sijui alimaanisha nini, na nahofia wewe pia hujui, kwa sababu hujamuuliza.

Kuacha kwenda kwa ajili yake kungemwonyesha kwamba unamjali, lakini kuna hatari kwamba utakaa nyumbani siku hizo mbili ukiwa na kimya kile kile, sasa kikiwa na uchungu ndani yake, naye atajua kwamba ni yeye aliyekunyang'anya. Kumkaribisha kwa mfinyanzi kunavutia, hasa kwa kuwa ni fundi anayejua udongo na mchanga na uzito wake, ila fikiria jambo moja: akifika, atakuita kwa jina analokuita siku zote. Jina la mtoto litatamkwa chini ya mbuyu kwa mara ya kwanza, na hutaweza kulirudisha. Pengine hilo ndilo unaloliogopa, na pengine ndilo unalolingoja. Kuna njia ndogo zaidi, nayo ni kumweleza nyumbani, kwa maneno machache, kule unafanya nini na kwa nini unaitwa kwa jina lile. Kumwambia hilo hakumpi ufunguo wa mahali pako. Au umwombe siku moja akusubiri baada ya ibada. Sisemi uende mpaka kaburini. Njia ya kwenda nayo ina urefu wake, na mnaweza kuishia popote.

Nirudi kwenye korongo, maana mvua haingoji. Ukisingizia mgongo mara ya tatu utakuwa umejipa muda, ila kama ulivyosema mwenyewe, yule mama ataanza kutafsiri, na tafsiri ya mzee aliyekataliwa huwa nzito. Ukienda bila kusema chochote, ukashika jembe kwenye kingo zile kana kwamba ni mahali popote, inawezekana ukastahimili, na inawezekana pia miguu ikakataa katikati ya mchanga mbele ya mtu asiyejua afanye nini. Katika hali hiyo habari itakuwa imejisema yenyewe, kwa namna ambayo hukuichagua. Ukimwambia kabla, huenda ukapoteza kivuli kisicho na "pole", kwa sababu hata mtu mwema kiasi gani, akishajua, macho yake hubadilika kidogo. Lakini si lazima kumwambia yote. "Mama, korongo lile lilinichukulia mwanangu, siwezi kwenda huko" ni sentensi moja, na anayeipokea anaweza kuachwa hapo hapo bila maelezo. Unaweza pia kumwomba asilitaje tena mpaka utakapolitaja wewe. Nadhani mtu aliyeweza kukaa mwaka mzima bila kuuliza anaweza kulibeba ombi la namna hiyo. Muulize vilevile kama kuna udongo mahali pengine, hata kama si mzuri sana. Wafinyanzi wengi hujua zaidi ya shimo moja, ingawa wana lile wanalolipenda.

Nitasema jambo moja kuhusu udongo wenyewe, nawe utanisamehe kama ninavuka mpaka. Udongo ambao umekuwa ukiukanda tangu mwaka jana, yule mjukuu alikuwa akiutoa wapi? Kama ni kwenye kingo hizo hizo, basi mikono yako imekwisha kufika korongoni muda mrefu kabla miguu haijafika. Sijui kama kulijua hilo kutakufariji au kutakufanya usitake kugusa bonge jingine. Nimesita kuliandika. Lakini nadhani tayari umeliwaza, na nisingependa uliwaze peke yako.

Binti yako umemtaja mara mbili tu, mara moja katika hesabu ya watoto na mara nyingine kama jina ulilobandikwa. Sikulaumu, nyumba yenye msiba huwa na mtoto mmoja anayejifunza kutembea bila kutoa sauti. Muulize kaka yake alikuwa akimfanyia mzaha gani. Huenda anangoja mtu mzima mmoja alitaje jina lile bila kulia, au kwa kulia, ili naye apate ruhusa.

Na kama yapo ambayo hukuyaandika, kama vile usiku mwingi bila usingizi, chakula kisichopita, au wazo la kumfuata mwanao, tafadhali usiyapeleke kwenye udongo peke yake, wala usingoje jibu la gazeti. Mwambie mume wako au dada yako siku hiyo hiyo, na mwende pamoja kituo cha afya kilicho karibu. Najua watu wa Dodoma tukisikia Mirembe tunacheka au tunashtuka, lakini ile ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, na wanaokwenda pale kuzungumza juu ya majonzi yaliyowalemea ni watu kama wewe na mimi, wengi wao wakirudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Swali lako la haki ya kucheka sijalijibu, na umeliona hilo. Naogopa kulijibu kwa niaba ya mtoto ambaye sikumjua. Wewe ulimjua kwa miaka 11. Unajua alikuwa anafanya nini alipokuona unacheka.

Ukiniandikia tena, nieleze ulivyoamua kuhusu korongo, hata kama umeamua kungoja. Nimekuita dada barua nzima kwa sababu sikujua ni lipi kati ya majina yako mawili ungependa nilitumie. Barua ijayo unaweza kunipa moja, au yote mawili.

Mshauri wako